Ni Nguo au ni Kitambaa?

Mwezi wa tatu mwaka 2025 mama alinipigia simu nikiwa kazini kwenye kituo cha vijana, akasema nije nyumbani mara moja. Nilidhani ni malaria. Nilipofika alikuwa amekaa chini, sanduku limefunguliwa, na kikwembe chake kimetandikwa juu ya mkeka.

Sisi watu wa Fizi na Uvira tunasema kikwembe. Huku Kakuma kila mtu anasema kitenge, na hata mama siku hizi akiwa sokoni anasema kitenge ili auziwe haraka. Lakini hiki cha sandukuni hajawahi kukiita kitenge. Ni cha kijani na njano, kina ndege wanaoruka, na pembeni kuna maandishi ya kiwanda cha Sotexki cha Kisangani. Alikinunua sokoni Baraka kabla mimi sijazaliwa. Kilikuwa yadi 6 kamili, hakijawahi kukatwa, kwa sababu kila alipotaka kukishona kulikuwa na jambo: vita, msiba, safari, tena vita.

Alikikunja mara mbili, akapima kwa mkono, akachukua mkasi.

“Mama, unafanya nini?”

“Nusu yangu, nusu ya dada yako. Mtoto abebwe na kitu cha kwetu.”

Dada yangu yuko Marekani tangu 2016. Alikuwa na mimba ya miezi mitano. Mama naye alikuwa amfuate. Alikuwa amefanya mahojiano yote, amepimwa hospitali, tunangoja tarehe ya ndege tu, halafu ikaja ile amri ya Januari 20 ya kusimamisha kupokea wakimbizi. Hakulia. Alikaa karibu wiki nzima bila kuzungumzia jambo hilo, na aliporudi kuzungumza alizungumzia kikwembe. Kama yeye hawezi kwenda, kikwembe kiende.

Mkasi ulipita katikati ya ndege mmoja. Kichwa kikabaki kwake, mkia ukaenda kwa dada. Akakikunja kile cha dada, akanipa. “Peleka posta. Hakifiki hata nusu kilo.”

Mambo ya posta nitayasimulia bila kutaja ofisi wala mji, kwa sababu wale watu bado wako kazini, na mimi bado nitarudi pale na mizigo. Ujue tu kwamba kufika huko ni boda, halafu gari, halafu foleni, na kwamba siku ya kwenda posta ni siku ambayo sijafanya kazi yangu. Malipo yangu ya mwezi hayafiki shilingi 10,000. Kwa hiyo ninaposema “nilirudi” katika hadithi hii, kila “nilirudi” ina bei yake.

Mara ya kwanza nilienda na mzigo umefungwa vizuri sana. Nilikuwa nimeushonea kitambaa cheupe juu, na anwani kwa kalamu isiyofutika, kama nilivyoona wazee wakifanya. Dada wa dirishani akautazama, akasema: “Fungua.”

“Nimeushona.”

“Ndiyo naona. Fungua, lazima tuone.”

Nikaomba wembe, nikafumua. Akashika kikwembe kwa vidole viwili.

“Hii ni nini?”

“Kitenge.”

“Kitenge ni nguo ama ni kitambaa?”

“Ni kitenge tu, dada.”

Watu nyuma yangu wakacheka. Na mimi nilicheka, sikujua kwamba swali hilo litanila miezi minane. Akaamua mwenyewe: ni nguo. Sawa, nguo. Mpya au kuukuu? Nikasema ni ya mama. Basi ni ya mitumba, akasema, na nguo za mitumba zikienda nchi za nje zinahitaji cheti kwamba zimepigwa dawa ya wadudu. Cheti kinatoka wapi? Kwa watu wa afya. Nikauliza hiyo sheria imeandikwa wapi nisome. Akaelekeza kidole kwenye kompyuta yake, ambayo mimi nilikuwa naiona mgongo.

Nilienda kwa watu wa afya. Ofisa alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akamwita mwenzake aje asikie. Cheti cha kupiga dawa kipande kimoja cha kitenge! Walicheka kwa roho safi, hawakuwa wabaya, lakini sikupata karatasi.

Nilirudi mwezi wa nne. Dirishani alikuwa mwanaume. Nikaanza kujieleza habari ya cheti, akanikatiza: nani alikuambia cheti? Hakuna kitu kama hicho. Moyo ukatulia. Akasema hii si nguo, haina mikono wala shingo, hii ni kitambaa. Sawa, kitambaa. Lakini kitambaa ni bidhaa, na bidhaa inahitaji risiti ya kununulia.

Risiti ya soko la Baraka! Kama mama angekuwa na muda wa kubeba risiti siku ile alipokimbia, angebeba na sufuria.

Halafu akataka kitambulisho. Nikatoa kadi yangu ya mkimbizi. Akaigeuza huku na huku, akasema mashine inataka namba ya kipande cha raia. Yule dada wa mwezi wa tatu alikuwa ameishika kadi hiyohiyo bila neno. Nikamwambia hivyo. Akajibu: “Basi nenda kwake.” Hakuwepo siku hiyo.

Nataka kusema jambo kuhusu hasira, kwa sababu kazi yangu ni ya vijana na kila wiki ninawaambia wasichana wangu wasipige kelele ofisini. Siku ile nilipiga kelele. Nilisema maneno kuhusu watu wanaokaa kwenye kiti cha serikali bila kujua kazi. Yule kaka alinyamaza, akafunga daftari lake, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba yeye hajawahi kupelekwa mafunzo hata siku moja, kwamba maagizo yanakuja kwa ujumbe wa simu kutoka kwa wakubwa, mengine yanapingana, na akikosea kurudishwa kwa mzigo kunahesabiwa kwake. Sikumwomba radhi siku ile. Nilimwomba baadaye, mwezi wa sita, na alikuwa amenisahau kabisa, jambo ambalo liliniuma kidogo.

Mwezi wa sita nilikwenda kwa sababu nyingine. Kituoni tuna wasichana kumi na wawili wanaojifunza kushona. Wanashona mifuko na mablanketi ya vipande vya vitenge, na kuna watu wa kwetu walioko ng'ambo wanaoagiza. Siku ile wasichana wawili walibeba mzigo kila mmoja: mifuko sita na mifuko sita, mkono mmoja, mshono mmoja, nchi moja. Mmoja akaenda dirisha la kushoto, mwingine la kulia. Wa kushoto alilipa shilingi 3,150. Wa kulia akaambiwa 5,800. Msichana wa kulia hakuwa na pesa hizo, akarudi kwangu akidhani ameibiwa. Mimi pia nilidhani hivyo.

Hapo ndipo tulipoanzisha daftari. Ni daftari la shule la kurasa 96, jalada limeandikwa POSTA. Kila anayekwenda anaandika tarehe, dirisha, alichobeba, na alichoambiwa. Majina ya makarani hatuandiki. Nimelifungua sasa hivi hapa pembeni yangu. Usifunge na karatasi ya kaki. Lazima karatasi ya kaki. Usishone mzigo. Shona mzigo, selotepu inafunguka kwa joto. Andika thamani sifuri maana ni zawadi. Ukiandika sifuri mzigo utarudi. Kalamu nyekundu hapana. Anwani ya anayetuma lazima iwe sanduku la posta lako mwenyewe. Sanduku la kanisa ni sawa. Kufikia mwezi wa nane tulikuwa na maagizo kumi na manne, na ukiyasoma kwa mpigo unaona hakuna mtu anayeweza kuyatii yote, hata awe na mapenzi gani.

Wasichana walilipenda lile daftari. Walianza kuigiza: mmoja karani, mmoja mkimbizi, na anayecheza karani lazima aseme kinyume cha alichosema jana. Nilicheka nao. Lakini nilikuwa naona pia kwamba wawili kati yao wameacha kuleta kazi za kutuma. Mmoja aliniambia wazi: “Afadhali niuze hapa sokoni kwa bei ya hasara, najua nimepata ngapi.” Na huo ulikuwa mwaka ambao chakula cha mgao kilikatwa sana. Mfuko mmoja uliouzwa nje ulikuwa unga wa wiki.

Mtoto alizaliwa mwezi wa saba. Msichana. Dada alitupigia simu ya video, na tulimwona akitembea jikoni kwake na mtoto kifuani, amewekwa ndani ya kitu chenye mikanda na vifungo vya plastiki. Mama akatazama muda mrefu.

“Mbona bamemufunga kama jerikani?”

Dada akacheka mpaka akaketi. Halafu akauliza, polepole, kama kikwembe bado. Mama akanitazama mimi. Kikwembe kilikuwa juu ya kabati yetu, ndani ya mfuko wa nailoni, na wembe wangu pamoja nacho.

Nilirudi mwanzoni mwa Septemba, nimejiandaa. Nilikuwa na barua ya kituo, nilikuwa na rafiki yangu Mturkana mwenye kipande, nilikuwa na daftari. Karani akasema: “Marekani imesimama. Hatupokei vifurushi vya Marekani.”

Nikasema moyoni, agizo la kumi na tano. Lakini hili, kumbe, lilikuwa la kweli. Jioni nilitafuta kwenye simu na nikalikuta. Kuanzia Agosti 29, 2025 Marekani ilifuta ule msamaha wa ushuru kwa mizigo ya thamani isiyozidi dola 800, na posta za nchi nyingi zikasimamisha vifurushi kwa sababu hazikujua ushuru utakusanywa vipi na nani. Nilisoma mpaka chini. Zawadi za mtu kwa mtu zisizozidi dola 100 ziliachwa nje ya ushuru huo.

Utashangaa nikisema nilifurahi. Amri yenyewe ilikuwa mbaya kwetu, hasa kwa mifuko ya wasichana, maana mifuko ya kuuza si zawadi na hatukutaka kudanganya. Lakini ilikuwa sheria ya kwanza katika miezi sita ambayo niliweza kuisoma kwa macho yangu. Ilikuwa na tarehe. Ilikuwa na kiasi. Ilisema nani yumo na nani hayumo. Nilijua pa kusimama. Niliinakili kwenye daftari kwa Kiswahili, na nikapiga mstari chini ya neno zawadi.

Novemba nikaambiwa na boda mmoja kwamba kwenye ile ofisi ameletwa mzee, ameazimwa kutoka mji mwingine kushikilia nafasi ya mtu aliye likizo. Nilikwenda bila matumaini, zaidi kwa sababu mama alikuwa ameacha kuuliza, na kuacha kwake kuuliza kulikuwa kubaya kuliko kuuliza.

Mzee alikuwa na miwani iliyofungwa kwa uzi. Hakukuwa na foleni. Akafungua mfuko, akatandika kikwembe chote juu ya kaunta, akakipapasa kingo.

“Kimekatwa hiki.”

“Ndiyo, baba. Mama alikigawa.”

“Wamekuambia ni nguo au kitambaa?”

Sijui kama unajua raha ya kuulizwa swali na mtu anayejua jibu. Nikamwambia yote, nikamtolea na daftari. Akalisoma ukurasa kwa ukurasa, mara anatikisa kichwa, mara anacheka puani. Halafu akanieleza, na nitaeleza hapa kama alivyoeleza kwa sababu kuna msomaji mwenye mzigo juu ya kabati.

Forodha ina orodha ya vitu vyote, na inatumika karibu dunia nzima. Kitambaa cha pamba kilichofumwa, kimekatwa tu kutoka kwenye jora, kiko sura ya 52: hicho ni malighafi, mtu akikiona anafikiri biashara. Nguo za kuvaa ziko sura ya 61 na 62. Na vitu vingine vya kitambaa vilivyokwisha kutengenezwa, kama shuka na taulo, viko sura ya 63. Sasa kitenge kina balaa lake, maana kinavaliwa bila kushonwa. Ndiyo maana yule dada alisema nguo na yule kaka akasema kitambaa. Kila mmoja alishika mguu mmoja wa ng'ombe. Lakini kipande kikipigwa pindo tu, kinatoka kwenye malighafi kinaingia kwenye vitu vilivyokamilika.

Kuhusu wasichana wa kushoto na kulia, alisema hapakuwa na mwizi. Mpaka kilo 2 mzigo unaweza kwenda pamoja na barua, kama pakiti ndogo. Ukizidi hapo ni kifurushi, na kifurushi kina bei yake nyingine. Mmoja alitumia mfuko, mwingine akatumia boksi gumu; boksi ndilo lililovusha mizani. Sentensi moja tu. Ingesemwa siku ile, msichana angetoa mifuko yake kwenye boksi palepale na kulipa sawa na mwenzake.

Thamani usiandike sifuri, maana kitu kisicho na thamani hakuna anayekiamini. Usiandike “zawadi” peke yake. Sema ni nini, cha pamba au cha nini, kipande kimoja, halafu ndipo useme zawadi. Kadi yangu ya mkimbizi aliinakili namba bila kuuliza. Nikamwambia mwenzake aliikataa. Akavua miwani.

“Mwaka 1874 nchi 22 zilikaa Bern, Uswisi, wakakubaliana kwamba kwa mambo ya barua dunia iwe nchi moja. Nchi moja! Sasa mimi nikuulize wewe unatoka nchi gani?”

Nilinyamaza. Sikuwa na uhakika kama anajua alichosema kwa mtu kama mimi. Nadhani alikuwa anapenda tu hadithi ya posta, kama wazee wengine wanavyopenda hadithi za mpira.

Nje barazani kulikuwa na fundi na cherehani yake. Akapiga pindo pande zote mbili zilizokatwa, shilingi 50. Nilipokirudisha dirishani nikaona pindo limemeza ule mkia wa ndege. Nilisita. Lakini mzee alikuwa ameshajaza fomu ya CN 22 kwa herufi kubwa: kitambaa cha pamba cha kubebea mtoto, kimepindwa, kipande kimoja, zawadi, dola 8. Mimi nikaweka sahihi. Akaniandikia namba ya kufuatilia, akapiga muhuri mara mbili, kwa nguvu, kama anaua nzi.

Nilirudi tena Januari na mzigo wa msichana mwingine. Mzee ameshaondoka. Dirishani kijana mpya akaniambia fomu hiyo siku hizi haitumiki. Nikafungua daftari kwenye ukurasa wa mzee, nikamsomea taratibu. Akasikiliza. Akapiga simu mahali. Akarudi akasema sawa, inatumika, na akaomba kupiga picha ule ukurasa. Nikamruhusu.

Lakini kikwembe chenyewe kilifika kabla ya hapo, siku tatu baada ya Krismasi. Dada alipiga simu huku kwetu ni asubuhi, kwake bado ni usiku. Mtoto alikuwa na miezi mitano, mzito, analia. Dada akainama, akamweka mgongoni kama mama alivyomfundisha akiwa na miaka saba akibeba mimi, akazungusha kikwembe, akafunga kifuani. Mtoto akanyamaza si mara moja, bali kidogo kidogo.

Mama alikuwa ameshika simu karibu na uso.

“Geuka. Geuka tena. Nani amekipinda?”

Nikaeleza. Sura ya 52, sura ya 63. Mama akangoja nimalize, kwa heshima, kama anavyongoja mahubiri marefu.

“Lete wembe,” akamwambia dada.

“Mama, ni usiku huku. Mtoto ndiyo kwanza amelala.”

“Umulaze. Ufumue. Pole pole, usikate uzi wa ndege.”

Dada akamlaza mtoto, akawasha taa ya mezani, akaweka simu imeegemea kikombe. Tukamtazama akifumua, mshono baada ya mshono, mama akimwelekeza kutoka huku, amejifunga nusu yake. Bando likaisha dada akiwa amefika katikati.